Nadhari ya Mtoto Mwenye Kasoro ya Lugha: Ipi Sababu na Ipi Natija?

Katika darasa la watoto wadogo mjini Kiwanja, mwendo wa kilomita 70 na ushei kaskazini ya Goma, mashariki mwa Kongo, aghalabu hapakosi mtoto mmoja au wawili ambao majina yao hutajwa na mwalimu mara nyingi kuliko ya wenzao wote: mtoto wa miaka minne au mitano asiyetulia mkekani, anayeitwa asigeuke, anayeagizwa mambo mawili akatenda moja au asitende lolote, na ambaye maneno yake mwenyewe ni machache na mafupi kuliko ya mdogo wake aliyeachwa nyumbani. Juu ya mtoto huyo mmoja hutolewa hukumu nyingi zinazopingana. Mwalimu husema ni mtoto wa kichwa nguvu. Jirani husema amechanganywa na lugha tatu. Nyanya husema kwamba hata baba yake alichelewa kusema, na leo anasema bila shida. Wako wanaodhani kuna mkono wa mtu. Na muuguzi wa kituo cha afya, mwenye foleni ndefu mlangoni, hukata shauri kwamba akili yake haitulii, na kwamba siku itakapotulia atasema.

Hukumu hii ya mwisho ndiyo inayostahili kuchunguzwa kwa kina, kwa sababu inasikika kama ilimu, na kwa sababu kila anayeikubali hupanga matendo yake kwa kuifuata: kwanza nadhari ishikwe, kisha lugha ifundishwe. Je, ni kweli kwamba udhaifu wa nadhari huzaa udhaifu wa lugha? Au lugha dhaifu ndiyo inayomfanya mtoto aonekane hana nadhari? Au yote mawili yametoka katika mzizi mmoja uliofichika? Wataalamu wenyewe wana ikhtilafu juu ya jambo hili, na haifai tuchague upande mmoja kabla ya kusikiliza hoja za kila upande na kuzipima kwa hali ya mahali petu.

Mji wa lugha nyingi na amani haba

Kiwanja ni mji wa njia panda. Barabara itokayo Goma hupita Rutshuru, ikafika hapa, kisha ikaendelea kaskazini kuelekea Kanyabayonga na Butembo, na tawi lake likashika kaskazini-mashariki mpaka Ishasha, mpakani na Uganda. Wenyeji wa Bwisha, eneo lenye Kiwanja, husema Kinyabwisha, ambacho ni ndugu wa damu wa Kinyarwanda. Wanande waliotoka Lubero kutafuta ardhi na biashara wamekuja na Kinande chao. Kiswahili ni lugha ya soko, ya makanisa na ya mitaa. Kifaransa ni lugha ya ofisi na ya shule. Na Kilingala hufuata askari popote waendapo. Mtoto wa miaka minne aweza kusikia lugha tatu kabla ya jua la utosi.

Na Kiswahili chenyewe anachokisikia si kile cha Unguja wala kile cha vitabu. Hapa watu husema batoto na bitabu, na upatanisho wa maneno katika sentensi, ambao Kiswahili sanifu huushika kwa ukali, umelegea katika midomo ya wakubwa wenyewe. Hiki si Kiswahili kibovu, bali ni Kiswahili chenye kanuni zake, na mtoto anayejifunza hujifunza kile anachosemeshwa. Nalitaja jambo hili mapema kwa kuwa litatugusa tutakapofika kwenye mitihani.

Fauka ya hayo kuna vita. Novemba 2008 raia waliuawa kwa wingi Kiwanja, na shirika la Human Rights Watch lilikadiria waliokufa kuwa yapata 150. Waliokuwa watoto siku zile leo ni watu wazima, na baadhi yao ni wazazi. Mwishoni mwa Oktoba 2022 mji uliingia mikononi mwa kundi la waasi la M23, na jamaa nyingi za Rutshuru zikakimbilia kambi za pembezoni mwa Goma, kama Kanyaruchinya, mpaka Goma nayo ilipotwaliwa Januari 2025. Kwa hiyo mtoto tunayemzungumzia aghalabu amezaliwa au amelelewa katika safari hizo.

Ama shule za watoto wadogo, ambazo Kongo huitwa materneli, ni za miaka mitatu, kuanzia umri wa miaka mitatu hadi mitano, na ni watoto wachache mno wanaozipata. Elimu ya bure iliyoanza kutekelezwa Septemba 2019 ni ya shule ya msingi, wala haikugusa materneli, ambayo mzazi huilipia mwenyewe. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inazipa lugha za taifa na lugha za mahali nafasi katika miaka ya mwanzo ya masomo, walakini mzazi aliyetoa fedha zake hutaka kusikia mwanawe akiimba kwa Kifaransa, na mwalimu hujitahidi kumridhisha.

Maana ya kasoro, na maana ya nadhari

Kasoro ya lugha tunayoisema hapa si kigugumizi, wala si kule kutamka vibaya herufi moja mbili ambako watoto wote hupitia. Ni udhaifu wa kuelewa na kutumia maneno na sentensi, usioondoka wenyewe kwa upesi, unaomdhuru mtoto katika maisha ya kila siku, na usiotokana na maradhi yanayojulikana kama uziwi, usonji au jeraha la ubongo. Maana hii ilikubaliwa na jopo la wataalamu lililoongozwa na Dorothy Bishop wa Oxford katika miaka ya 2016 na 2017, baada ya miaka mingi ya kila mmoja kutumia jina lake. Uchunguzi uliofanywa Iowa, Marekani, ukatangazwa mwaka 1997, uliona kasoro hiyo kwa watoto 7 hivi katika kila 100 wa umri wa kuanza shule, na ule wa Surrey, Uingereza, wa mwaka 2016, ulitoa hesabu iliyo karibu sana na hiyo. Ikiwa kiasi hicho ni sawa na cha Kiwanja, basi darasa la watoto 40 lina watatu kama hao, na ni vigumu kusema kwamba mtaa mzima umelaaniwa kwa jambo linaloonekana hata Surrey.

Nyanya asemaye kwamba mtoto atasema tu, naye hana kosa lote. Watoto wengi wanaochelewa kusema wakiwa na miaka miwili huwafikia wenzao. Hata katika umri wa miaka minne, Bishop na Edmundson walionyesha mwaka 1987 kwamba yapata 37 katika kila 100 ya watoto waliowafuatilia walikuwa wamekwisha kupona walipofika miaka mitano na nusu. Lakini hesabu hiyohiyo, ikigeuzwa, inasema kwamba walio wengi hawakupona.

Ama nadhari, nayo si kitu kimoja. Posner na Petersen, katika maandishi yao ya mwaka 1990, waliigawa katika kazi tatu: kuwa macho na tayari, kuelekeza akili kwenye jambo moja kati ya mengi, na kuitawala akili ili isirudi kwenye lile lililoachwa. Mtoto aweza kuwa imara katika moja na dhaifu katika nyingine. Mwanasesere wa matambara akimshughulisha saa nzima, wala asiweze kufuata hadithi ya dakika tatu, hatuwezi kusema hana nadhari. Twaweza kusema tu kwamba nadhari yake ina mahali inaposhika na mahali inapoteleza.

Uhusiano wa mambo haya mawili huonekana wazi katika sentensi ya Kiswahili sanifu: kikombe changu kile kikubwa cheupe ulichokiona jana kimevunjika. Kila neno, isipokuwa jana, linavaa alama ya neno la kwanza, na msikilizaji lazima ashike kikombe akilini mpaka afike kwenye kuvunjika. Kamil Ud Deen, aliyechunguza lugha ya watoto wa Nairobi na kutoa kitabu chake mwaka 2005, alionyesha kwamba hata watoto wasio na kasoro yoyote hudondosha viambishi vya mtenda katika miaka yao ya mwanzo. Basi kwa mtoto ambaye kushika kwake ni kudogo, sentensi kama hiyo ni safari ndefu.

Rai ya kwanza: nadhari dhaifu ndiyo inayodhoofisha lugha

Wenye rai hii husema kwamba akili ya mtoto ina kiasi cha mzigo inachoweza kubeba kwa wakati mmoja, mfano wa chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili la kubebea mizigo, lipandalo mlima wa Goma: likiongezwa gunia moja zaidi ya uwezo wake, haliangushi gunia lile moja tu, bali husimama na mizigo yote. Maneno hupita upesi, hayangoji. Mtoto ambaye sikio lake limetoroka kwa nukta mbili amekosa kiambishi, na aliyekosa kiambishi mara elfu hatajua kazi yake.

Ushahidi wao si haba. Mwaka 2008 Spaulding, Plante na Vance waliwajaribu watoto wa umri wa chekechea wenye kasoro ya lugha, pamoja na wenzao wasio nayo, kwa kazi tatu: kuvizia picha fulani, kuvizia sauti zisizo maneno, na kuvizia maneno, na kila kazi ilifanywa mara kwa uzito mdogo na mara kwa uzito mkubwa. Uzito ulipokuwa mdogo, watoto wa makundi yote mawili walikwenda sawa. Uzito ulipozidi, wenye kasoro walianguka katika sauti na katika maneno, lakini katika picha hawakuanguka. Mwaka uliofuata Finneran, Francis na Leonard waliona kwamba hata katika kazi ya macho watoto kama hao hukosea zaidi ya wenzao, ijapokuwa hawakawii zaidi. Na mwaka 2011 Ebert na Kohnert, walipokusanya tafiti zilizotangulia wakazipima pamoja, waliona udhaifu wa kudumisha nadhari katika njia zote mbili, ya sikio na ya jicho.

Lililo zito zaidi, kwa maoni yangu, ni jaribio la Stevens, Sanders na Neville la mwaka 2006. Watoto wa shule walisomewa hadithi mbili kwa wakati mmoja, moja upande wa kulia na moja upande wa kushoto, wakaagizwa kufuata moja, huku mawimbi ya ubongo wao yakipimwa. Ubongo wa mtoto asiye na kasoro uliipa nguvu hadithi iliyotakiwa ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde. Ubongo wa mwenye kasoro haukuonyesha tofauti hiyo. Hapa hakuna nafasi ya kusema kwamba mtoto alikuwa mkaidi, kwani sehemu ya kumi ya sekunde haimtoshi mtu kuamua ukaidi.

Udhaifu wa rai hii umo katika mambo mawili. Kwanza, mambo mawili kuandamana si dalili kwamba moja limelizaa jingine. Wako watoto wengi wenye kasoro ya lugha ambao nadhari yao haina ila, na wako wenye nadhari iliyotawanyika ambao lugha yao ni fasaha. Pili, kama nadhari ingekuwa ndiyo chanzo, kuifunza kungeiponya lugha. Programu ya kompyuta iitwayo Fast ForWord, iliyotokana na kazi za Paula Tallal na wenzake, ilitoa ahadi ya namna hiyo tangu miaka ya 1990. Ni haki kusema kwamba Stevens na wenzake waliona mwaka 2008 dalili za nadhari kuimarika baada ya mazoezi hayo. Lakini mwaka 2011 Strong na wenzake, baada ya kukusanya majaribio yaliyofanywa kwa mizani ya haki, hawakuona ushahidi kwamba programu hiyo inatibu lugha au kusoma. Na Melby-Lervåg na Hulme, mwaka 2013, walifikia shauri la karibu na hilo juu ya mazoezi ya kumbukumbu: mtoto huwa hodari katika mchezo aliouzoea, na uhodari huo hauvuki kwenda mahali pengine.

Rai ya pili: lugha dhaifu huiga sura ya nadhari dhaifu

Wapinzani wao wanaanza na jambo ambalo kila mtu mzima aweza kulijaribu kwa nafsi yake: aketi saa nzima katika mkutano wa lugha asiyoijua, kisha aulizwe nadhari yake ilikuwa wapi. Mtoto asiyeelewa hageuki anapoitwa kwa sababu wito haujamfikia kama wito. Haendi kuleta daftari kwa sababu katika agizo refu alilolisikia alishika neno la mwisho tu. Na huondoka kwenye hadithi kwa sababu kwake si hadithi, ni mvumo wa sauti. Sean Redmond alionya tangu mwaka 2002 kwamba karatasi za maswali wanazojaza walimu na wazazi ili kupima tabia za watoto zina mtego wa namna hii. Katika dalili zinazotumiwa na matabibu kutambua maradhi ya kukosa utulivu mna kutosikiliza anaposemeshwa na kutotimiza maagizo. Mtoto mwenye kasoro ya lugha atazipata alama hizo hata kama nadhari yake ni timamu.

Kuna hoja ya ndani zaidi, iliyotoka kwa Vygotsky, mtaalamu wa Urusi aliyefariki mwaka 1934, na ikaendelezwa na mwanafunzi wake Luria: kwamba mtoto hujitawala kwa maneno. Kwanza hutawaliwa na maneno ya mkubwa, kisha hujiambia mwenyewe kwa sauti, kisha maneno yakazama ndani yakawa fikira. Ikiwa maneno ni machache, chombo cha kujizuia nacho ni kidogo. Kwa mujibu wa hoja hii nadhari ya mtoto ni dhaifu kweli kweli, lakini udhaifu huo ni natija.

Nguvu ya rai hii ni kwamba inamwondolea mtoto lawama na kumrudishia mkubwa wajibu wa kujiuliza amesema nini, kwa lugha gani, na kwa urefu gani. Lakini haiwezi kueleza kila kitu. Sauti walizovizia watoto wa Spaulding mwaka 2008 hazikuwa zote maneno, na bado walianguka. Na picha za Finneran hazikuwa na lugha ndani yake. Kama kila tatizo lingetoka katika kutoelewa, basi pasipo na la kuelewa pasingekuwa na tatizo.

Rai ya tatu: mzizi mmoja

Kundi la tatu husema kwamba tunabishana juu ya matawi mawili ya mti mmoja. Kwa mtoto wa Ulaya wanaosema hivyo hutazama urithi wa damu na ukuaji wa ubongo tumboni. Kwa mtoto wa Kiwanja orodha ni ndefu zaidi na ni chungu zaidi.

Malaria imo. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali ya Mulago, Kampala, na Boivin, Bangirana, John na wenzao, uliowafuatilia watoto wa miaka 5 hadi 12 waliopona malaria ya ubongo, ulionyesha kwamba baada ya miaka miwili mtoto mmoja katika kila wanne hivi alikuwa na upungufu wa akili, hali ya kuwa katika watoto wa kulinganisha walikuwa 8 tu katika 100. Na nadhari ilikuwa miongoni mwa vilivyoumia zaidi. Kilifi, pwani ya Kenya, Julie Carter na wenzake walikuta kasoro za lugha kwa watoto miaka kadhaa baada ya malaria kali. Maradhi mamoja, basi, yenye kuharibu viwili.

Masikio yamo. Sikio linalotoka usaha kila msimu huonekana kama jambo dogo kando ya homa na kuhara, lakini mtoto asikiaye nusu hutegemea nusu, na nusu hiyo hubadilika wiki hata wiki. Upungufu wa damu umo, na njaa. Na hofu imo. Mtoto aliyekimbizwa usiku hujifunza kuwa macho kwa kila mlio, na kuwa macho kwa kila mlio ni kinyume cha kukaza nadhari juu ya sauti moja. Ubongo wake unafanya kazi ya kulinda uhai, nasi twauita utundu. Mama aliyefiwa au aliyelemewa na huzuni husema maneno machache, na machache hayo ndiyo shule ya mtoto.

Upungufu wa rai hii ni kwamba, kwa kanuni ya jopo la Bishop, mtoto mwenye chanzo kinachojulikana hutengwa na wale wa kasoro isiyo na chanzo. Kutenga huko ni kwepesi penye vipimo vya masikio na matabibu wa lugha. Kiwanja hakuna wasaa huo, na anayesubiri kujua chanzo kabla ya kusaidia atasubiri mpaka mtoto aoe. Hata hivyo rai hii ina faida moja ambayo mbili za kwanza hazina: yataja mambo yanayotibika kwa bei ya dawa ya masikio na chandarua.

Shutuma juu ya wingi wa lugha

Hapa naweza kusema kwa ufupi, kwani jambo lenyewe limekwisha kuamuliwa zaidi ya mengine. Paradis, Crago, Genesee na Rice waliwalinganisha mwaka 2003 watoto wa Kanada wenye kasoro ya lugha waliokulia katika Kifaransa na Kiingereza pamoja na wale wa lugha moja, wakaona wa lugha mbili hawakuwa na hali mbaya zaidi. Kasoro ya kweli huonekana katika kila lugha ya mtoto. Mtoto ambaye Kinyabwisha chake ni timamu nyumbani na anakwama katika Kiswahili cha shule tu, huyo ni mgeni wa lugha, hana kasoro. Na kumwambia mama aache lugha yake ili asimchanganye mtoto ni kumnyang'anya mtoto mwalimu wake wa kwanza.

Lakini shutuma hii inatuletea onyo la haki. Mtihani uliotungwa kwa Kiswahili sanifu ukamhukumu mtoto wa Kiwanja kwa upatanisho alioulegeza kama wanavyoulegeza wazazi wake, utahesabu makosa mahali ambapo mtoto amejifunza vema. Kilifi waliliona tatizo hili wakatengeneza vipimo kwa Kiswahili na Kigiriama cha pale pale, na Katie Alcock na wenzake wakafanya kazi ya namna hiyo juu ya maneno ya watoto wachanga. Vipimo vya Goma na Rutshuru vinahitaji kazi hiyohiyo, na ianze kwa kuwasikiliza watoto wa hapa.

Katika mizani

Nikiweka haya yote katika mizani, naona kwamba udhaifu wa nadhari kwa watoto wenye kasoro ya lugha ni wa kweli, si mzaha wala si kisingizio. Kwamba kwa watoto wadogo uko zaidi katika njia ya sikio, na hujitokeza mzigo unapozidi. Na kwamba ni mwandani wa kasoro ya lugha, si mlango unaopaswa kufunguliwa kwanza ndipo lugha iingie. Rai ya kwanza imeona sawa jambo lenyewe ikakosea dawa. Rai ya pili imeona sawa dawa, ijapokuwa imekana sehemu ya ugonjwa. Ya tatu haitatui ugomvi, lakini inatukumbusha kutazama ndani ya sikio kabla ya kutazama ndani ya tabia.

Tazameni gharama za kukosea. Mwalimu akishughulika na lugha kwanza, kumbe tatizo lilikuwa nadhari, amepoteza kidogo, kwani sentensi fupi na picha humfaa pia mtoto mwenye nadhari iliyotawanyika. Akingoja utulivu kwanza, kumbe tatizo lilikuwa lugha, amepoteza miaka ambayo sikio la mtoto lilikuwa tayari kuliko litakavyokuwa tena. Gharama hizi hazilingani, na kwa hiyo uamuzi nao haupaswi kuwa nusu kwa nusu.

Liko suala jingine ambalo halina jibu lisilo na hasara. Mtoto wa Kinande na mtoto wa Kinyabwisha huketi mkeka mmoja, na mwalimu ni mmoja. Kusemesha kila mtoto lugha ya nyumbani kwake ndiko kunakomfaa mwenye kasoro, lakini hakuwezekani darasani, na katika mji ulioumizwa kwa sababu ya makabila, kuwatenga watoto kwa lugha zao kuna hatari isiyo ndogo. Kiswahili cha mahali, kisemwacho kama kinavyosemwa sokoni, ni suluhu ya darasa. Lugha ya mama ibaki kazi ya nyumbani, na mwalimu amwambie mzazi hivyo waziwazi, ili asidhani kwamba kuitumia ni kuivunja shule. Kifaransa, kwa mtoto huyu mmoja, kingoje. Najua mzazi aliyelipa hatapenda kulisikia hilo.

Yanayowezekana Kiwanja

La kwanza ni masikio, kuyatazama na kuyatibu, na kuuliza kama mtoto amewahi kupata malaria yenye degedege au kuzimia. Haya yako ndani ya uwezo wa kituo cha afya, na hospitali kuu ya Rutshuru haiko mbali.

La pili ni jaribio ambalo mwalimu aweza kulifanya bila chombo chochote. Mtoto apewe kazi kwa ishara na kwa kuonyeshwa, kama kupanga vizibo vya chupa kwa rangi, naye atazamwe anaiendea kwa muda gani. Siku nyingine apewe kazi ya kiasi hicho kwa maneno matupu. Akidumu katika ya kwanza akatoroka katika ya pili, lugha ndiyo itazamwe. Akitoroka katika zote mbili, liulizwe la nadhari, la njaa, la usingizi na la hofu. Jaribio hili halimpi mtoto jina la ugonjwa, na halikusudiwi kumpa. Linamwelekeza mkubwa tu mahali pa kuanzia.

La tatu ni mzigo wa sikio darasani, na hapa ndipo matokeo ya Spaulding na wenzake ya mwaka 2008 yanapogusa bati la Kiwanja. Mvua ikipiga juu ya mabati hakuna anayesikia, na mwenye kasoro huwa wa kwanza kupotea na wa mwisho kurudi. Saa hiyo isiwe ya hadithi bali ya kuchora. Mtoto aketi karibu na mwalimu, mbali na mlango wa barabarani wenye pikipiki; aitwe jina kwanza, atazamane na mwalimu, ndipo aagizwe; na badala ya kumwambia katika pumzi moja aache kiti, achukue kitabu, akipeleke kwa mwenzake, aambiwe la kwanza, alitende, ndipo aambiwe la pili. Kumketisha mbele kuna hatari ya kumfanya achekwe, kwa hiyo afadhali wabadilishane watoto kadhaa katika mahali hapo.

La nne ni wazazi. Roberts na Kaiser walipima mwaka 2011 tafiti 18 za mafunzo ya wazazi, wakaona kwamba mzazi aliyefundishwa kufuata anachotazama mtoto, kukitaja, na kuongeza neno moja juu ya neno la mtoto, huikuza lugha yake. Nadhari hapa haiamrishwi, bali mkubwa huifuata ilipokwisha kukaa, iwe juu ya mbuzi, juu ya maharage yanayochambuliwa, au juu ya chukudu linalopita. Kazi hii haihitaji fedha, inahitaji mtu wa kuifundisha. Na makanisa, yenye mikutano ya akina mama kila wiki, yana watu hao na yana mahali.

Kwa mafunzo yenyewe, jirani yetu ana kitu tunachokosa: Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kimekuwa kikifundisha matabibu wa usemi na lugha tangu mwaka 2008. Mtoto aingiaye materneli Septemba akiwa na miaka minne ana miaka miwili kabla ya shule ya msingi. Muuguzi mmoja wa Rutshuru aliyepata mafunzo mafupi kutoka kwa watu wa Kampala, na walimu kumi watakaomfuata darasani kuona namna ya kuagiza na namna ya kusikiliza, wanatosha kuanza nao kabla ya Septemba ijayo.